Mjadala: Arizona wamefuta kamera visimani. Je, upinde wa kupiga mita 70 nao usiguswe?

Mshale Mmoja (mwanzisha mada)

Wadau, habari za humu. Naishi Tucson, Arizona, mwaka wa tisa huu, na nawinda kwa upinde. Najua kuna watakaouliza mtu wa Karatu anatafuta nini kwenye jangwa la Wamarekani akiwa na podo mgongoni. Hilo tuliache, kila mtu na ulevi wake.

Hoja yangu ni hii. Juni 2021 tume inayosimamia wanyamapori wa Arizona ilipiga kura, wajumbe wote 5 upande mmoja, kuzuia kamera za kutega zisitumike katika uwindaji. Katazo likaanza 1 Januari 2022. Kwa asiyezijua, ni kikamera unachokifunga mtini karibu na maji. Mnyama akipita kinajipiga chenyewe, picha inatoka na saa na tarehe. Jangwani maji ni ya kuhesabu, kwa hiyo mnyama atake asitake atakuja. Mwenye kamera 20 alikuwa anajua kulungu mwenye pembe fulani hunywa saa ngapi na hutokea upande gani. Halafu kila wiki watu wanaingia na kutoka kubadilisha betri na kadi, kisima kinakuwa kama stendi ya mabasi, na ugomvi wa nani kafika kwanza juu yake.

Katazo naliunga mkono. Ila kwa maoni yangu wamemkamata mwizi wa kuku, wa ng'ombe wakamwacha aende zake.

Wa ng'ombe ni upinde wa kisasa unaomdanganya mtu kwamba mita 70 ni karibu. Huu wa roda (vigurudumu kwenye ncha zake vinavyopitisha uzi) ukiuvuta unaanza na uzito wa kama kilo 32, ukifika mwisho roda zinakubebea mzigo, mkononi unabaki na kama kilo 6 tu. Unaweza kusimama nao umeuvuta, ukalenga kwa raha zako. Juu yake weka saiti, kile kifaa cha kulengea, yenye pini tano au sita, kila pini na umbali wake, na kipimaumbali cha leza shingoni. Dukani wanakuuzia hadithi kwamba ukifanya mazoezi kidogo tu, mita 70 ni yako.

Sasa piga hesabu. Mshale wangu unatoka na mwendo wa kama mita 85 kwa sekunde. Sauti inakwenda kama 340. Kulungu akiwa mita 60, mlio wa uzi unamfikia chini ya robo sekunde, mshale bado uko njiani, unamkuta zaidi ya nusu sekunde baada ya kuusikia. Kulungu mwenye wasiwasi (na kisimani wote wana wasiwasi) huo muda unamtosha kushuka magoti na kugeuka. Ulilenga mapafu, unapata uti wa mgongo au tumbo. Upinde ungekuwa wa dhahabu, hilo haulirekebishi.

Nimejipima mwenyewe, siongei vya kusikia. Agosti mwaka juzi, siku 30, kila alfajiri kabla ya kazi: mshale mmoja tu. Sio kupasha misuli moto kwa mishale 15 kwanza kama tunavyofanya uwanjani, maana porini hakuna anayekuruhusu kupasha. Nimepiga goti, begi mgongoni, shati la mikono mirefu, kigumba cha kuwindia na sio ncha ya mazoezi. Shabaha ni sahani ya karatasi ya kulia pilau, upana wake unakaribia ule wa mapafu ya kulungu. Siku 10 kwa mita 20: zote 10 ndani ya sahani. Siku 10 kwa mita 30: 9. Siku 10 kwa mita 40: 6. Na mimi ni mtu ambaye uwanjani, jioni, nimeshapasha, kwa mita 40 sikosi.

Vifaa navyo vikanifundisha. Siku moja nikausahau upinde ndani ya gari juani hapa Tucson. Nta ya uzi ikayeyuka ikashika vumbi kama ubani, uzi ukajivuta, na kile kitundu cha kuchungulia kilichofungwa katikati ya uzi kikageuka ubavu. Ukivuta unaona giza. Manyoya ya plastiki kwenye mishale miwili yakapinda. Vile vigumba vinavyofunguka mbawa vikigonga, kimoja kilishikwa na tawi la mti wa mesquite kikafunguka kikiwa bado podoni. Tangu hapo natumia vile visivyofunguka, na mshale mzito wa gramu 35 badala ya 27. Unakwenda polepole, lakini unaingia, na upinde unalia kidogo.

Kwa hiyo swali: kama kamera imefutwa kwa jina la kumpa mnyama nafasi, kwa nini upinde wa mita 70 uachwe? Nawasilisha.

Fundi Roda

Mkuu umeandika vizuri ila umechanganya mafaili. Kamera inamtafuta mnyama, upinde unampiga, hayo ni mambo mawili. Mimi niko Mesa, humu humu Arizona, nafunga na kurekebisha nyuta hizi kama kibarua cha wikiendi, na hilo katazo sijalipenda mpaka leo. Mtu anayefanya kazi siku sita, kamera ndiyo ilikuwa macho yake. Sasa anaingia porini kipofu, hajui kama kuna kulungu au hakuna, jua linawaka, siku ni moja. Akimwona mita 65 unadhani ataacha? Kamera ilikuwa inamsaidia kukaa mahali sahihi akapiga mita 20. Yaani katazo mnalolisifia ndilo linalozalisha hiyo mishale ya mbali unayoilalamikia.

Halafu tusidanganyane kuhusu "asili". Vingi vya hivyo visima ni birika za kutengenezwa. Idara ya wanyamapori yenyewe imekuwa ikivijenga tangu miaka ya 1940, kwanza kwa ajili ya kware. Maji ya zege, mabati ya kukinga mvua, halafu kikamera ndicho kinachoharibu asili?

Mita 70 unaipimaje kisheria? Askari atasimama na futi ya fundi cherehani?

Binti wa Meru

Mimi sio mwindaji, nipo Usa River, nimesoma tu kwa mshangao. Mnabishana kamera na roda, mimi nauliza la msingi: kumvizia kiumbe mwenye kiu, kwenye maji pekee aliyonayo, joto digrii 42, huo ni uwindaji au ni kumsubiri mtu bombani na panga? Mshale Mmoja, umeandika kama mtu mwenye huruma, lakini huruma yako inaanzia mita 40. Kabla ya hapo haipo?

Mshale Mmoja

Dada, umenipiga pazuri. Nijibu kama mtu wa Karatu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, majirani zetu, kiangazi kikikaza wanakaa usiku kwenye kibanda cha matawi karibu na maji, wawili wawili, wanasubiri. Wamefanya hivyo tangu kabla ya mimi na wewe. Upinde wao sio wa kitoto, wastani wa kuuvuta unakaribia kilo 31, na hakuna roda ya kumbebea mtu. Ukiuvuta uachie, mikono haitakungoja. Kigumba kinafuliwa kwa msumari. Na kwa mnyama mkubwa wanaweka sumu, panjupe, utomvu wa ule mti wenye maua ya waridi ambao siku hizi mahoteli ya Arusha yanaupanda kwenye vyungu. Mzee mmoja wao, wa Mang'ola, aliniwekea upinde wake mkononi nikiwa kidato cha pili. Niliuvuta mpaka nusu, akacheka akaniambia nirudi kwenye vitunguu vyetu.

Ninachotaka kusema ni kwamba yule mzee alikaa karibu na maji kwa sababu alitaka mnyama awe karibu. Kukaa karibu na maji kulimfupishia mshale. Hapo ndipo mimi na Fundi Roda tunakubaliana, na nakiri kamera nayo ilikuwa inaweza kufupisha mshale. Sikulifikiria hivyo. Lakini wengi niliowaona wakiitumia walitaka kuchagua pembe, basi.

Na huku kuna sheria ambayo naipenda: hairuhusiwi kupiga kambi ndani ya robo maili, kama mita 400, kutoka kwenye maji, kwa namna ya kuwazuia wanyama na mifugo wasinywe. Unaweza kukaa ukavizia, ila huwezi kuhamia hapo. Najua halikujibu lote, dada.

Mkongo wa Phoenix

Bandugu, jambo yenu. Miye niko Phoenix, natokea Uvira. Niko na watoto tano. Munaongea pembe, munaongea sahani ya karatasi, hakuna mwenye ameongea nyama. Kibali cha bunduki cha kulungu ni bahati nasibu, unaomba, unangoja, unakosa. Kibali cha upinde mkaaji wa hapa anakinunua dukani palepale. Ndiyo maana sisi wenye hatuna muda wa kungoja tumekamata upinde. Mukianza kuongeza masharti, leo saiti, kesho roda, mwisho upinde utabaki wa watu wenye wako na pesa na wakati ya kupiga mshale kila asubuhi siku 30.

Tena kipimo cha kwanza cha vifaa kwangu si upinde, ni barafu. Agosti hapa, kama hauna sanduku la barafu ndani ya gari na mifuko ya kitambaa ya kufunga nyama, usitoke. Umemwangusha saa kumi ya jioni, umechelewa kumchuna, nyama inaharibika mbele ya macho yako. Mwaka jana nilifikia mnyama wangu baada ya lisaa limoja na nusu, mguu wa nyuma karibu na mfupa ulikuwa umeshaanza kunuka. Hiyo ndiyo dhambi kwangu.

Fundi Roda

@Mkongo wa Phoenix umesema la maana kuliko wote, mzee. Ongeza na maji ya kunywa. Nimebeba watu wawili mwaka huu waliokuwa na upinde wa dola 1,800 na chupa moja ya maji.

@Mshale Mmoja hujanijibu la futi ya cherehani.

Mshale Mmoja

Nakujibu. Umbali hauwezi kupimwa, kweli. Kifaa kinaweza. Arizona tayari wanasema upinde wa kulungu usipungue paundi 30 na kigumba chake kisipungue upana wa inchi 7/8. Yaani wameweka sakafu ila dari hawajaweka. Klabu ya Pope and Young, inayotunza rekodi za wawindaji wa upinde tangu 1961, haikubali mnyama aliyepigwa kwa upinde uliofungwa saiti inayopima umbali yenyewe. Hiyo ni klabu tu, sio serikali, lakini inaonyesha mstari unachoreka: saiti ya elektroniki itoke. Hiyo haizuii yote, najua. Mtu atabaki na pini zake sita.

Na la nyama, Mkongo, nakubali. Niwaambie kwa nini nimeandika mada hii maana nimezunguka sana.

Septemba mwaka jana, kusini ya Tucson, kulungu dume alitokea nyuma ya mpungate, amesimama ubavu. Leza ikasema 54. Pini ya 50 ninayo, ya 60 ninayo, nikaweka katikati. Upepo hakuna. Nikaachia, nikamwona anashuka kabla mshale haujafika, kisha mlio, sio ule wa mapafu, ule mzito kama kupiga gunia lenye maji. Nilisubiri masaa manne kama inavyotakiwa kwa jeraha la tumbo. Damu kwenye mchanga wa huku haikai: tone la kwanza lilikuwa limeshakauka na kuwa kahawia, la pili limezungukwa na siafu wadogo wekundu, la tatu nililipata kwenye jiwe hatua 40 mbele. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilitembea mpaka giza, nikarudi kesho yake na siku ya tatu, nikitazama tai angani. Sikumpata.

Kwenye ile daftari yangu ya siku 30 hakuna mita 54. Nilikuwa najua, nimeandika kwa mkono wangu, 6 kati ya 10 kwa mita 40, na bado niliachia, kwa sababu saiti ilikuwa na pini ya umbali ule. Isingekuwepo ningeshusha upinde.

Binti wa Meru

Pole. Sijabadilisha msimamo, ila pole.

Fundi Roda

Mkuu, hiyo haikuwa pini, ilikuwa wewe. Samahani kwa kusema wazi. Mimi nina pini saba na sijawahi kuachia zaidi ya 35. Mfungie mtu saiti ya pini moja, akitaka kupiga mbali atakisia kwa jicho, matokeo yatakuwa mabaya zaidi. Kukisia ndiko kulikokuwa kunaua tumbo zamani, kabla ya leza.

Mshale Mmoja

Inawezekana. Hata hivyo jana nimechukua spana nikazing'oa. Imebaki ya 20 na ya 30. Januari ni msimu wa havelina, wale wanaofanana na ngiri mdogo. Macho yao mabovu, pua kali, ukishika upepo vizuri unawafikia hatua 20 wakitafuna mpungate, miiba na vyote. Nitaona.

Mkongo wa Phoenix

Hizo pini zenye umetoa usizitupe, ndugu. Miye saiti yangu iko na pini moja tu na imevunjika.