Watoto kucheza nje majira ya kuchipua: lipi la kuhofia na lipi la kupuuza?

Mama wa Wawili aliuliza:

Habari zenu wazazi wenzangu. Tunaishi katika nchi yenye majira manne, na sasa baridi imelegea, siku zimerefuka na watoto hawashikiki tena ndani ya nyumba. Mkubwa ana miaka saba. Mdogo wake ana minne na hupiga chafya mfululizo kila miti inapoanza kuchanua. Kila ninayemuuliza ananipa hofu yake: mmoja anasema baridi, mwingine kupe, mwingine jua, ambalo kwa kweli bado halichomi. Sitaki kuwafungia ndani, wala sitaki kuwaachilia bila kujua nichunge nini. Naomba wenye uzoefu wanifahamishe ni hatari zipi za majira haya zinazostahili kushughulikiwa, na kama huyu mwenye chafya nimzuie kutoka.

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Dada, nianze na jua, kwa sababu ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Joto la hewa na miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, ni vitu viwili mbalimbali. Siku inaweza kuwa ya ubaridi na upepo, na bado ngozi ya mtoto ikaungua, kwa kuwa nguvu ya miale hiyo hutegemea zaidi jinsi jua lilivyopanda angani. Katika nchi nyingi utabiri wa hali ya hewa hutaja kipimo chake, na Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge kuanzia kinapofika 3, jambo ambalo katika majira haya hutokea watu wakiwa bado wamevaa sweta. Mvishe kofia yenye ukingo mpana, mtafutie kivuli saa za katikati ya mchana, na umpake losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi kama robo saa kabla ya kutoka, kisha urudie kila baada ya saa mbili. Kwa faida ya wengine wanaosoma: mtoto wa chini ya miezi sita hukingwa kwa kivuli na nguo kwanza, si kwa losheni.

Mwenye chafya usimfungie. Chavua ya miti huwa nyingi siku kavu zenye upepo na hupungua mvua ikinyesha, kwa hiyo chagua siku na saa badala ya kukataza mchezo. Akirudi abadilishe nguo na aoshwe uso na nywele, na kwa msimu huu shuka zake zisianikwe nje. Lakini ukisikia kifua kikitoa mlio kama filimbi, au akikohoa sana usiku na anapokimbia, mpeleke kwa daktari mapema, maana huenda hiyo ni pumu. Na mtoto ambaye tayari ameandikiwa dawa ya kuvuta, dawa hiyo inapaswa kuwa na mtu mzima aliye naye uwanjani. Ikibaki kabatini haina msaada wowote.

Kuhusu baridi, ngoja niseme wazi: mafua huletwa na virusi. Mvishe nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, ili apunguze anapotokwa na jasho.

Baba Pacha alijibu:

Aliyekutajia kupe hakukosea, Mama. Kupe huamka mapema, mara tu halijoto inapozidi nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Hawaruki, hupanda kwenye ncha za majani na kungoja mtu apite, ndiyo maana suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi husaidia sana kwenye nyasi ndefu na kingo za msitu. Jioni wakague watoto nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kitovuni, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha. Habari za kumpaka mafuta au kumchoma kwa kiberiti ziache kabisa, maana zinachelewesha tu kumtoa, na katika ugonjwa wa Lyme, ambao ni maambukizi ya bakteria yanayoenezwa na kupe, kwa kawaida kupe huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 ndipo aambukize. Andika tarehe. Ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi au homa ndani ya mwezi mmoja, muone daktari na umtajie kupe huyo.

Mwalimu wa Chekechea alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naona tumezama kwenye wadudu na chavua ilhali majeraha mengi ya viwanja vya watoto hutokana na kuanguka. Baada ya baridi kali, mchanga au vipande vya mbao vilivyo chini ya bembea huwa vimeshindiliwa au vimetawanyika, navyo vinatakiwa kuwa na kina cha sentimita 30 hivi. Udongo mgumu wenye nyasi haupunguzi kishindo vya kutosha.

Kuna mambo mawili ambayo wazazi waangalifu ndio huyafanya zaidi. Kwanza, humwacha mtoto apande ngazi za kuchezea akiwa na helmeti ya baiskeli, na kamba yake inaweza kunasa na kumkaba shingo. Helmeti ni ya baiskeli, akishuka aivue. Pili, humpakata mtoto na kuteleza naye kwenye mtelezo wa uwanjani: mguu wa mtoto ukikwama pembeni mwa mtelezo, uzito wa mtu mzima ndio unaouvunja.

Kisha mito na madimbwi. Theluji iliyoyeyuka huyajaza, na maji ya chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi ghafla bila hiari hata akiwa mwogeleaji. Mtoto mdogo akiwa karibu na maji, mtu mzima awe mahali pa kumfikia kwa mkono.

Mama wa Wawili aliandika:

Nawashukuru sana. Nina swali moja la nyongeza: dawa ya kufukuza wadudu inafaa kwa mtoto wa miaka minne, na inapakwa kabla au baada ya losheni?

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Inafaa. Losheni itangulie, dawa ifuate. Zile zilizochanganywa mbili kwa moja mimi sizipendi, kwa sababu losheni inahitaji kurudiwa mara kwa mara na dawa ya wadudu haihitaji. Dawa zenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, hazipakwi watoto wa chini ya miezi miwili, na zile za mafuta ya mkaratusi wa limau hazishauriwi chini ya miaka mitatu, hivyo wako amekwishavuka yote mawili. Mimina kwanza kwenye kiganja chako, umpake wewe mwenyewe, uepuke macho, mdomo na vidole vyake, kisha umwoshe kwa sabuni mkirudi nyumbani. Permethrini, dawa ya kuua wadudu, ni ya nguo na viatu tu, kamwe si ya ngozi.