Tupeane uzoefu: sakafu za mbao na lamineti hapa Dodoma

Mjenzi wa Iyumbu: Wakuu, heshima zenu. Nimefika hatua ya sakafu, mama watoto hataki kusikia habari ya marumaru, anataka mbao. Fundi anasema lamineti, seremala anasema mninga. Mliopitia hili tupeane uzoefu kabla sijamwaga hela.

Kisasa Juu: Mninga mkuu, funga macho.

Seremala Mkongwe: Afunge macho auziwe mbao mbichi? Mbao iliyokaushiwa Dar ikifika huku inaendelea kukauka. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, hewa kavu, ikifika Septemba sarafu inapita kati ya mbao na mbao. Mninga hausinyai sana, lakini nao zipange mbao ndani ya nyumba wiki kadhaa ndipo uzipigilie.

Mama Ilazo: Mmenitonesha kidonda. Sisi tuliweka lamineti ya milimita 8, rangi ya mtiki, wageni wanavua viatu bila kuambiwa. Jumamosi tunapokea washenga wa binti yangu. Ijumaa maji yakakatika mtaa mzima. Shemeji yangu, mgeni kutoka Singida, kafungua koki ya jikoni, haitoi kitu, kaiacha hivyohivyo kaenda kulala. Usiku maji yakarudi, na tundu la sinki limezibwa na dodoki. Naamka alfajiri, sebule nzima chapachapa! Tukakausha kwa kanga, mashuka, mpaka pazia. Asubuhi ikaonekana nzima, nikamshukuru Mungu. Saa nane mchana washenga wameketi, sakafu imeanza kuinuka kwenye viungo kama chapati inayofura kikaangoni. Mshenga mkuu, mzee mwenye mwili wake, akavuta kiti, mguu wa kiti ukanasa. Akaenda chini na soda yake.

Kijana wa Nkuhungu: Pole sana mama. Ila mahari ilitoka?

Kisasa Juu: Hahaha, jamani!

Fundi Sakafu: Lamineti ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, juu picha ya mbao na tabaka gumu la kuilinda. Maji yakiingia kwenye kiungo inafura, hairudi. Jamvi la zege likauke kwanza, tandika nailoni, kisha sponji, na ukutani acha nafasi ya milimita 10 ifichwe na skatingi. Kwenye boksi tafuta AC4, ni daraja la kustahimili kuchakaa, maana vumbi letu linakwaruza. Dada wa kazi asipige deki kwa ndoo, dekio likamuliwe.

Seremala Mkongwe: Kumbe mnauza picha.

Fundi Sakafu: Picha hailiwi na mchwa mzee wangu.

Seremala Mkongwe: Nani kakudanganya? Kiini cha mninga mchwa anakikwepa, anakula ile nyeupe ya pembeni. Huo unga wenu ndio ugali wake.

Makulu Tulivu: Mna watoto wadogo? Pigeni niru ya saruji, tandikeni mkeka, mengine baadaye.

Kisasa Juu: Si aweke ile SPC, ya plastiki na unga wa mawe? Haifuri kwa maji.

Mjenzi wa Iyumbu: Sasa nishike lipi wakuu?

Kijana wa Nkuhungu: Subiri kwanza bro. Mama, mahari?

Mama Ilazo: Ilitoka mwanangu. Walikuja kuomba wapunguziwe, tukawa tumekaza. Mzee alipoanguka ikabidi tulegeze.

Kijana wa Nkuhungu: Mlipunguza ng'ombe wangapi?