Uingereza karne ya 19: mahudhurio yaligeukaje kuwa fedha ya shule?

Mwanachuo_Iyunga
Habari wadau. Kuna wasilisho la historia ya elimu hapa chuoni Mbeya, mada ni shule za watu wa kawaida katika miji ya Uingereza, 1860 hadi 1900. Vitabu vinasema ruzuku ilitegemea mahudhurio na matokeo, kisha vinaruka. Nataka hesabu yenyewe. Mtoto asipokuja, shule inapoteza kiasi gani? Nawasilisha Jumatatu.

Chaki_Nyeupe
Anzia kanuni ya 1862, ile ya Robert Lowe, mwanasiasa aliyesimamia elimu serikalini. Kila kichwa katika wastani wa mahudhurio kiliingiza shilingi 4 kwa mwaka. Mtoto aliyezidi miaka 6 na kuhudhuria zaidi ya mara 200 aliweza kuleta 8 nyingine, ila mpaka mkaguzi amtahini kusoma, kuandika na kuhesabu. Akifeli somo moja, zinakatwa shilingi 2 na peni 8. Usiandike 2.80! Shilingi yao ilikuwa na peni 12, siyo senti 100 kama yetu. Kwa hiyo somo moja ni peni 32, matatu ni peni 96, ndiyo hizo shilingi 8.

"Mara" moja ni kipindi cha asubuhi au cha mchana, si siku nzima. Tuseme shule imefunguliwa mara 400 na alama zote za rejista ni 36,000. Gawanya, unapata 90. Hata kama umeandikisha 120, unalipwa 90 x 4 = shilingi 360. Waliotimiza sharti na kufika kwenye mtihani ni 70, hao ni 560. Kati yao 20 wamechemsha hesabu: peni 640 zinaondoka, sawa na shilingi 53 na peni 4. Inabaki 866 na peni 8, yaani pauni 43, shilingi 6 na peni 8 (pauni moja ni shilingi 20).

Mwenye mara 199, hata awe kichwa namna gani, hatahiniwi. Na akiugua surua siku ya mkaguzi, shule inakosa 8 zake zote.

Mzee_wa_Rejista
Hapo ndipo rejista ilipogeuka hati ya fedha. Mwalimu ana sababu ya kumtia alama mtoto aliyechungulia tu mlangoni. Darasani nako walikaririshwa kitabu kilekile hadi mkaguzi aje. Historia na jiografia hazikuwa na malipo mwanzoni, zikawekwa kando.

Utoro wenyewe ulikuwa na ratiba. Mjini, wasichana walibakizwa kulea wadogo zao na siku ya kufua. Vijijini ni mavuno, kuokota viazi, kuwinga ndege mashambani. Mtu wa Usangu msimu wa mpunga haelezwi hilo mara mbili.

Mwanachuo_Iyunga
Asanteni sana wakuu. Wazazi je, walichangia? Na naweza kuifananisha ruzuku hiyo na kapitesheni yetu, fedha ambayo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi?

Chaki_Nyeupe
Walilipa ada kila wiki. Sheria ya 1870 ilianzisha bodi za shule palipokuwa na upungufu, zikaruhusiwa kuchukua fedha kwenye kodi ya majengo ya mji. Ada katika shule zinazopata ruzuku isingezidi peni 9 kwa wiki, na bodi iliweza kumsamehe maskini. Bodi ziliweza pia kutunga sheria ndogo za kulazimisha mahudhurio. 1880 ikawa lazima kote kwa miaka 5 hadi 10. Angalia mpangilio: lazima imetangulia, ada inaendelea kudaiwa. Mzazi alidaiwa ada na kutishiwa faini kwa mtoto yuleyule. Ni 1891 serikali ilipoanza kutoa shilingi 10 kwa mtoto kwa mwaka badala ya ada, na shule nyingi zikawa za bure.

Mzee_wa_Rejista
Kufananisha, fanya kwa tahadhari. Katika elimu bila malipo ya 2016, kapitesheni ya msingi ilipangwa 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 shuleni, 4,000 zikabaki serikalini kwa vitabu. Inafuata idadi ya walioandikishwa. Kwa Lowe, mtoto aliyeandikishwa asionekane ni sifuri. Kwetu jina lake linaendelea kuhesabiwa, ndiyo maana udanganyifu huku ni wanafunzi hewa, kule ulikuwa alama hewa. Weka slaidi moja hapo, maswali yatakuja yenyewe.