Mjadala: Salieri wa "Amadeus" alionewa, au tuiache sanaa ifanye kazi yake?

Wakuu, juzi nimeirudia Amadeus, ile ya Milos Forman ya mwaka 1984 iliyozoa Oscar 8. Safari hii nimetazama toleo refu lililotoka 2002, karibu saa 3. Utamu haujachuja hata kidogo. Hilo tukubaliane mapema, asije mtu kuniambia sijui sinema.

Swali langu ni moja: ni halali kumbebesha mtu aliyeishi kweli, kwa jina lake kamili, dhambi isiyo na ushahidi?

Kwa ambaye hajaiona: Antonio Salieri, mtunzi wa muziki katika kasri la Kaisari kule Vienna, anamwonea kijicho Mozart. Anagombana na Mungu kwa kumpa kipaji kijana wa mizaha na kicheko cha ovyo, kisha anapanga kumwangamiza. Salieri huyo ameapa kutogusa mwanamke. Yule wa kweli alikuwa na mke na watoto 8! Aliwafundisha Beethoven, Schubert na Liszt. Oktoba 1791 Mozart mwenyewe alimwandikia mkewe, Constanze, kwamba amempeleka Salieri kwenye opera yake mpya na jamaa ameshangilia mwanzo hadi mwisho. Desemba Mozart akafariki. Baadaye mwanawe mdogo, Franz Xaver, akasomeshwa muziki na Salieri huyohuyo. Muuaji gani huyo anayekabidhiwa mtoto wa marehemu?

Uvumi kwamba Salieri alimpa Mozart sumu, kweli, haukuzuliwa na Forman. Ulizagaa Salieri angali hai, mshairi wa Urusi, Pushkin, akautungia tamthilia mwaka 1830, Peter Shaffer akaupandisha jukwaani London mwaka 1979 kwa tamthilia yake Amadeus, ndiyo iliyozaa filamu hii.

Najua jibu la wapenzi wa filamu: anayesimulia ni mzee aliyefungiwa kwa wendawazimu, kwa hiyo yote ni maneno yake. Hoja nzito hiyo, siikatai. Lakini itazame tena ile sehemu ya Requiem, misa ya wafu aliyokuwa akiitunga Mozart. Mozart yuko kitandani, jasho linamtoka, anaimba sauti moja baada ya nyingine. Salieri anaandika mbiombio, anaachwa nyuma, anaomba asubiriwe. Kila ala inayotajwa tunaisikia ikiingia, mpaka wimbo mzima unasimama. Sijaona filamu nyingine iliyomwonyesha mtazamaji jinsi muziki unavyojengwa namna ile. Nayo haikutokea kabisa: aliyemalizia Requiem ni Süssmayr, mwanafunzi wa Mozart, na aliyeiagiza kwa siri ni mwinyi mmoja, Walsegg. Ukishanogewa kiasi hicho, nani atakumbuka kwamba msimulizi ni mwehu?

Wengine watasema bila filamu hii Salieri angesahaulika. Labda. Ila kukumbukwa kwa ubaya usioufanya ni fadhila gani?

Mimi naona Shaffer angembuni mtunzi wake mwenye wivu, akampa jina lolote la Kiitaliano. Jina la filamu lenyewe ni la Mozart, Wolfgang Amadeus. Wanaotetea, nijibuni: bila jina la Salieri, filamu ingepungukiwa nini hasa?