Siku ya 97 bila pombe, Jumamosi nina sendofu: mnaendaje sherehe na soda mkononi?

Mtu wa Pasiansi (Alhamisi, 10 Julai 2025)
Habari zenu wakuu. Leo natimiza siku 97 sijagusa mtungi. Mara ya mwisho nililewa kwenye kivuko cha Kigongo nikitoka msibani Geita, nikaja kuzinduka Usagara sina viatu wala simu. Sitaki kurudi huko.

Kiu naimudu. Kinachonishinda ni kwamba raha imekufa. Juzi kikao cha kamati kilikuwa baa moja ya ufukweni. Mhudumu anapita mezani kama kawaida, "baridi au moto?" Kufika kwangu nikasema nanasi. Meza nzima ikanyamaza kama nimetangaza ugonjwa. Halafu ndiyo nagundua kumbe sato wa kuchoma anachukua saa nzima! Miaka yote nilijua analetwa papo hapo. Shemeji naye kasimulia kisa chake cha fisi wa Magu mara tatu, na watu wanacheka upya kila mara. Mimi nazungusha kizibo cha soda mezani, kikianguka naokota.

Jumamosi ni sendofu ya mdogo wangu, ukumbi uko Ilemela. Nyie mlioacha, mnafurahiaje sherehe? Jioni mnaenda wapi?

Dagaa Mkavu
Mimi niliachishwa na serikali, Machi 2017, walipopiga marufuku viroba. Hela ya chupa nzima sikuwa nayo. Nimekaa paleee, wenye hekima waje.

Bint Kirumba
Harusi zetu sisi ni pilau, soda na taarabu, na watu wanacheza mpaka kanga zinadondoka. Sijawahi kusikia mtu akiuliza raha iko wapi. Nyie mmezoea kulewa kwanza ndipo mcheze.

Mzee wa Bujora
Kijana, ungekuja Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni, pale Kisesa. Makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yakianza kugombea watazamaji, unasimama juani kutwa hata maji huyakumbuki. Mimi enzi zangu nilikuwa Bagika. Mwaka mmoja Bagalu wakaja na sanamu ya fisi inayotembea, uwanja wote ukatuhama, tukabaki tunawachezea watoto wawili na mbuzi. Pombe ilikuwepo, lakini baada ya ngoma.

Kona ya Nyegezi
Mzee, kauliza ya Jumamosi, wewe unajibu ya Juni. Mkuu, chukua watoto mpande boti pale Capri Point mwende kisiwa cha Saanane, ni dakika chache tu, mkaone pimbi wanaota jua kwenye mawe. Ila mtu wa siku 97 kutetemekea sherehe moja namna hii? Kuna kitu hujakisema.

Mtu wa Pasiansi
Sijaficha kitu mkuu. Baba hayupo, mimi ndiye namsimamia binti. Mshereheshaji ataniita mbele nifungue shampeni, nigonge glasi na wakwe. Watu wametoka Bukoba, siwezi kuwanyanyulia nanasi. Ni nusu glasi tu, na nimeshajiandaa.

Nesi wa Zamu
Umejiandaaje?

Mtu wa Pasiansi
Kuna vidonge nilipewa.

Nesi wa Zamu
Vidonge gani, na umevifanyaje?

Mtu wa Pasiansi
Disulfiramu, ya kuachia pombe. Nameza kila asubuhi, mke ananisimamia. Tangu Jumatatu, Saba Saba, navificha chini ya ulimi, akigeuka natema. Hadi Jumamosi ni siku tano, dawa itakuwa imeshatoka. Jumapili narudi kumeza. Msinihukumu jamani, ile ni glasi ya heshima, si ulevi.

Nesi wa Zamu
Ya raha tuyaweke pembeni kwanza. Hiyo dawa inazuia ini kumalizia kuivunja pombe, kwa hiyo sumu inarundikana kwenye damu. Na haitoki kwa siku tano, inaweza kuendelea kufanya kazi hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Ukinywa hiyo nusu glasi uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika, presha inaweza kushuka ukaanguka mbele ya hao hao wakwe. Na usimeze kidonge kabla hayajapita masaa 12 tangu unywe. Kesho asubuhi rudi kwa aliyekuandikia.

Bint Kirumba
Mkeo anajua?

Mtu wa Pasiansi
Hapana, na asijue.

Kaptura
Jamani mnanyweshwa chai na mnasaidia kuipuliza. Kivuko cha Kigongo kipi? Daraja la Kigongo–Busisi limezinduliwa 19 Juni, kilomita 3, unapita redio haijamaliza wimbo. Huyu yuko Dar anatunga.

Dagaa Mkavu
Na tangawizi imo.

Kona ya Nyegezi
Kaptura, rudi nyuma siku 97. Unaangukia 4 Aprili. Mwezi huo mimi mwenyewe nilikaa foleni Busisi mpaka nikamaliza mahindi matatu.

Kaptura
Nimehesabu kwa vidole, imekubali. Lakini viatu! Nani anaiba viatu vya mlevi?

Dagaa Mkavu
Vilikuwa namba ngapi? Nauliza tu.

Bint Kirumba
Mleta uzi, shampeni zisizo na kilevi zimejaa madukani. Povu lile lile, mlio ule ule. Kwetu ndizo tunazofungua.

Mtu wa Pasiansi
Sipendi kudanganya watu, dada.

Nesi wa Zamu
Mkeo unamdanganya tangu Jumatatu.

Mzee wa Bujora
Ng'wanawane, anayesimama mahali pa baba kazi yake ni kusema maneno. Wakwe watakumbuka ulichosema. Andika hotuba, huna siku nyingi.

Mtu wa Pasiansi (Jumapili)
Nimerudi. Mke nilimwambia Alhamisi ile ile usiku, hayo sisimulii. Ijumaa daktari naye akanipa yangu. Jana tumefungua isiyo na kilevi, kizibo kikampata mshereheshaji begani, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Hotuba nilisoma kwenye karatasi, mikono ikitetemeka. Nimecheza nyimbo mbili, ya tatu nikakaa. Shemeji alipoanza ya fisi, saa nne, nikaaga.

Kaptura
Bila picha ya keki hii bado ni chai.