Onyesho la filamu la familia mtaani: je, kutotoza kiingilio kunatosha?

Mjumbe_Mpya:
Ndugu zangu, kamati ya mtaa wetu imenikabidhi kazi ya kuandaa onyesho la filamu la wazi, mara moja kwa mwezi, kwa wazazi na watoto wa rika zote, bila kiingilio. Baadhi ya wajumbe wanadai kwamba, maadamu hatutozi fedha, tunaweza kuonyesha filamu yoyote tuliyoinunua au tunayoipata kwa kulipia huduma ya mtandaoni. Je, dai hilo ni sahihi? Pia, tutachaguaje filamu isiyomtisha mtoto wa miaka 4, wala kumchosha kijana wa miaka 13?

Karani_Mstaafu:
Dai hilo halina mashiko. Anayenunua diski hupata nakala na ruhusa ya kuitazama nyumbani, ilhali haki ya kuionyesha hadharani hubaki kwa mwenye hakimiliki, na kwa kawaida kutotoza kiingilio hakubadilishi jambo hilo. Huduma za mtandaoni, Netflix ikiwemo, zimeandika katika masharti yao kwamba akaunti ni kwa matumizi binafsi. Mwandikieni msambazaji wa filamu mnayoitaka, mkimweleza idadi ya watazamaji mnaowatarajia na mahali pa onyesho, kisha msubiri kibali cha maandishi. Kama mfuko wenu ni mwembamba, tafuteni filamu zenye leseni huria, yaani ambazo mwenye hakimiliki amekwisha kuruhusu watu wote wazitumie kwa masharti fulani. Big Buck Bunny, katuni ya mwaka 2008 yenye urefu wa takriban dakika 10, inaruhusiwa kuonyeshwa popote mradi watayarishaji wake watajwe.

Mlezi_wa_Wengi:
Mimi nitajibu swali la pili, ambalo naliona gumu kuliko la sheria. Madaraja ya umri yanasaidia, lakini msiyategemee peke yake. Mfumo wa Marekani, ulioanza mwaka 1968, huangalia zaidi mambo kama lugha chafu, ukatili na utupu, na daraja lenyewe halikuambii kwamba mama wa mhusika atakufa mapema katika hadithi, jambo ambalo ndilo huwaliza wadogo hadi wazazi wakalazimika kuondoka nao. Kwa hiyo mtu mzima mmoja aitazame filamu nzima kabla ya siku yenyewe, tena sauti ikiwa juu, kwa sababu mara nyingi kinachotisha ni muziki kuliko picha. Aangalie pia matukio yenye mwanga unaomweka kwa kasi, kwani unaweza kumletea kifafa mtu mwenye hali hiyo, na wazazi wanastahili kuonywa mapema.

Sioni sababu ya kutafuta filamu moja itakayowapendeza wote. Anzeni na katuni fupi, kisha mtangaze waziwazi kwamba filamu ndefu inafuata na kwamba wenye watoto wadogo wanaweza kuondoka bila haya. Huyo wa miaka 13 mpeni kazi ya kuendesha projekta. Hatalalamika kwamba filamu ni ya kitoto.

Fundi_Mitambo:
Nakubaliana na mlezi, ila projekta isiachiwe kijana bila msimamizi. Msipende skrini kubwa kupita kiasi: mkiongeza upana wa picha mara 2, eneo lake huongezeka mara 4, na mwangaza hushuka hadi robo. Subirini giza liingie vizuri. Spika ziinuliwe juu ya vichwa vya watazamaji, maana zikiwekwa chini watoto wa mbele huumia masikio na wa nyuma hawasikii. Nyaya zipite mbali na njia ya watu.

Mjumbe_Mpya:
Nawashukuru sana. Tutaanza na filamu fupi zenye leseni huria. Limebaki moja: baadhi ya watoto hawaijui lugha ya filamu. Je, manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yatatosha?

Karani_Mstaafu:
Asiyejua kusoma manukuu hayamsaidii. Chagueni kwanza filamu zisizo na maneno, kama hiyo niliyoitaja. Mkitaka msimulizi atafsiri papo hapo, ulizeni kuhusu hilo katika barua yenu ya kuomba kibali. Na kwa filamu za leseni huria, someni leseni yenyewe, kwa kuwa nyingine huruhusu kuonyesha tu na kukataza kubadilisha.