Lishe duni na homoni za ukuaji kwa binti mjamzito

Shangazi wa Dodoma:
Habari zenu. Binti wa kaka yangu ana miaka 16 na mimba ya miezi mitano, naye hula ugali na mlenda siku nyingi. Je, ni kweli kwamba lishe duni huvuruga homoni za ukuaji, na anayeathirika ni yeye au mtoto?

Muuguzi mstaafu:
Wote wawili, shangazi. Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, lakini sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa kupitia IGF-1, homoni nyingine inayochochea ukuaji, ambayo ini huitengeneza vya kutosha iwapo tu mwili unapata protini na nishati. Binti akikosa chakula, homoni yenyewe yaweza hata kupanda katika damu ilhali IGF-1 inashuka, kwa kuwa ini limeacha kuiitikia. Isitoshe, wasichana wengine bado wanarefuka wakiwa wajawazito, hivyo hugombea virutubisho na mtoto, ambaye huweza kuzaliwa akiwa na uzito wa chini ya kilo 2.5.

Mkulima wa Singida:
Mwongezeeni dagaa, maharage, mayai na karanga, kwa maana mlo wa ugali na mboga pekee una protini haba, na zinki yake hufyonzwa kwa shida.

Muuguzi mstaafu:
Naam, ila vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kliniki asiviache. Dawa za homoni za kuuziwa mitaani asipewe kabisa. Nyonga zake huenda hazijakomaa, kwa hiyo ajifungulie hospitalini penye huduma ya upasuaji.